Kifaa cha ngozi umenunua, mkorogo umeacha?

Ukifungua simu yako leo, kabla hujafikia ujumbe wa kikundi cha wazazi wa shule, huenda utakuwa umeshaonyeshwa barakoa yenye taa nyekundu na bluu, kirola chenye sindano ndogo ndogo, au kimashine kinachodai kumaliza nywele za kidevuni kwa kumulika tu. Miaka michache iliyopita mambo haya yalikuwa ya kutazama kwenye runinga. Sasa unalipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi, na baada ya siku mbili unaupokea stendi ya Kibondo au Kasulu. Gridi ya Taifa ilifika mkoani Kigoma mwaka 2022. Lami inayotoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu kuelekea Manyovu imefupisha safari. Barabara inayoleta saruji na vipuri vya bodaboda inaleta pia biashara ya urembo.

Sina ugomvi na vifaa hivi vyote kwa jumla. Vingine vina kazi. Ninachotaka tukitazame wiki hii ni kile ambacho tangazo halikuambii: dakika 10 za kifaa haziwezi kushindana na saa zote zilizobaki katika siku. Jua unalotembea nalo kwenda shamba au sokoni, sabuni unayonawia, mikono yako inayotumbua chunusi, na zaidi ya yote kopo la krimu lililo kwenye meza ya kioo, ndivyo vinavyoamua kama utapata nafuu au utaongeza doa. Kwa ngozi nyeusi, tena katika nyanda za juu kama hizi, mazoea hayo yana uzito kuliko kifaa chenyewe.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kinajitembeza ndani ya simu, kwa hiyo tuvitazame kimoja kimoja.

Nianze na kimashine cha kuondoa nywele kwa mwanga, maana hiki kinaweza kukuunguza siku ya kwanza. Hutoa mwako mkali na mfupi wa mwanga. Mwanga huo unavutwa na rangi nyeusi iliyo kwenye shina la nywele, unageuka joto, na joto linadhoofisha shina. Kwa mtu mwenye ngozi nyeupe na nywele nyeusi hakuna utata, kwani cheusi ni nywele peke yake. Kwako wewe, rangi ile ile inayoitwa melanini imejaa kwenye ngozi pia, na mashine haijui kutofautisha. Ngozi inakunywa joto lililokusudiwa nywele. Yanafuata malengelenge, kisha alama nyeusi au nyeupe zinazoweza kukaa miezi mingi.

Watengenezaji wanalijua hili. Ndiyo maana mashine za aina hii huja na karatasi yenye vipande vya rangi za ngozi, kuanzia nyeupe sana hadi nyeusi sana, na vipande vya mwisho huwekewa alama ya kukataza. Kaa dirishani mchana, weka mkono wako kando ya karatasi hiyo, linganisha. Kama umepokea mzigo usio na karatasi, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na kama ngozi yako imeangukia vipande vilivyokatazwa, hakuna mazoea mema yatakayoifanya mashine hiyo ikufae. Zipo leza za mawimbi marefu ambazo ni salama zaidi kwa ngozi nyeusi, lakini hizo ni za hospitali na kliniki, mikononi mwa mtaalamu, si za kuagiza.

Barakoa ya taa ni tulivu zaidi. Mwanga wa bluu hupunguza bakteria wanaochangia chunusi, na mwekundu hupunguza uvimbe. Tafiti za vifaa vya nyumbani zimeonyesha nafuu ya kiasi kwa chunusi nyepesi hadi za wastani. Tatizo ni kwamba ngozi nyeusi haikupewa nafasi ya kutosha katika tafiti hizo. Tena inajulikana kwamba mwanga unaoonekana kwa macho, hasa ule wa bluu, unaweza kuchochea weusi kwenye ngozi yenye melanini nyingi. Basi mtu anayepambana na madoa meusi kwa taa ya bluu anaweza kuwa anayamwagilia maji. Kama unatumia barakoa kwa ajili ya chunusi, pendelea taa nyekundu, ziba macho kama maelekezo yanavyosema, na doa likianza kukolea, simamisha.

Kirola cha sindano ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi kwa sababu kinaonekana kama kichana tu. Kazi yake ni kutoboa ngozi matundu madogo ili ijijenge upya. Vya nyumbani huwa na sindano zisizozidi robo ya milimita au karibu na hapo. Vyenye sindano za nusu milimita na kuendelea ni kazi ya kliniki, hata kama muuzaji anakuambia ndefu ndiyo kiboko. Kama wewe au ndugu zako wa damu mna historia ya keloidi, yale makovu yanayovimba na kuvuka mpaka wa kidonda baada ya kutoboa sikio au kuchanjwa, usikiguse. Kama una chunusi zenye usaha, usikiguse pia, maana utasambaza wadudu uso mzima kama mtu anayepanda mbegu.

Na kisiazimwe, hata kati ya dada na dada wanaolala chumba kimoja. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, kwenye tone la damu usiloliona kwa macho. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, maana yake wazazi wengi wanaosoma safu hii hawakuipata utotoni.

Kopo lililo kwenye meza ya kioo

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mtu anayenunua kifaa cha ngozi mara nyingi hakianzishi kwenye ngozi isiyo na historia. Ameshajaribu krimu, sabuni na losheni kwa miaka, na sehemu ya hizo ni mkorogo. Halafu kifaa kinaingia juu ya mkorogo.

Vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi vimepigwa marufuku Tanzania. Usimamizi wa vipodozi ulikuwa chini ya TFDA kwa Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003, na tangu katikati ya mwaka 2019 ukahamia Shirika la Viwango, TBS. Kimataifa nako kamba imekazwa. Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata uliofanyika Geneva mwishoni mwa mwaka 2023 uliondoa mwanya uliokuwa unaruhusu vipodozi vyenye kiasi kidogo sana cha zebaki, na kuweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki. Nchi za Afrika ndizo zilizolisukuma jambo hilo.

Lakini tazama ramani. Kibondo na Kasulu zote mbili zinapakana na Burundi. Ni mpaka mrefu, watu wana ndugu na masoko pande zote mbili, na kopo la krimu linaingia kwenye mfuko wa kanzu au kwenye kapu la maharage bila kuhitaji lori. Msako unakamata shehena, haukamati kopo moja moja. Kwa hiyo mlinzi wa mwisho wa ngozi ya nyumba yako ni wewe unayesoma lebo.

Soma hivi. Kama kopo halina orodha ya viambato, usilipake. Kama muuzaji amepakua kutoka ndoo kubwa na kukuwekea kwenye kikopo kisicho na maandishi, usilipake. Kama lebo ina maneno haidrokwinoni, klobetasoli au betamethasoni, kwa tahajia yoyote ya Kiingereza au Kifaransa, hiyo si losheni ya urembo. Zebaki huandikwa mercury kwa Kiingereza na mercure kwa Kifaransa, ingawa mara nyingi haiandikwi kabisa. Ahadi ya kung'ara ndani ya siku 7 ni dalili tosha.

Sasa chukua mfano wa dada anayeishi Kasulu mjini, ana miaka 24, anafanya kazi dukani. Anapaka krimu yenye steroidi kali kwa miezi sita. Mwanzo anapata sifa, uso laini, rangi imefunguka. Kisha ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana mashavuni, na chunusi ndogo ndogo zinazofanana zote zinajaa kidevuni na kwenye paji la uso. Hizo ni chunusi zinazoletwa na steroidi yenyewe. Yeye hajui. Anadhani ni chunusi za kawaida, anaagiza barakoa ya taa. Taa inamulika ngozi iliyokwisha kuchujuka, inamwasha, haoni nafuu. Anaagiza kirola. Kirola kinatoboa ngozi isiyo na nguvu ya kupona, na usiku ule ule anapaka krimu ile ile juu ya matundu. Kilichokuwa kinapenya kidogo kidogo sasa kimefunguliwa mlango. Kama ndani yake kuna zebaki, zebaki hiyo inaelekea kwenye damu na figo, na kama ni mjamzito, inamfikia mtoto. Fedha zimetoka mara tatu, na kila hatua imeharibu kazi ya hatua iliyotangulia.

Haidrokwinoni ina kisasi cha aina yake. Ikitumiwa muda mrefu huku mtu anatembea juani, huleta weusi wenye kuelekea bluu kwenye mifupa ya mashavu, na weusi huo ni mgumu kuondoa hata kwa daktari bingwa. Anayeona weusi huo huongeza krimu akidhani haijatosha, na hapo mduara unaanza upya.

Ndiyo maana nasema swali la kwanza la mwenye kifaa si dakika ngapi, bali unapaka nini. Kama jibu ni mkorogo, kifaa kirudi kwenye boksi. Kisha usiache krimu ya steroidi ghafla ukiwa peke yako, kama umeitumia kwa miezi mingi au mwili mzima. Ngozi iliyozoea steroidi huwaka, huvimba na kutoa vipele ikinyimwa, hali inayoweza kuchukua wiki hadi miezi, na wengi hurudi kwenye kopo kwa sababu ya mateso hayo. Nenda kituo cha afya upangiwe namna ya kupunguza. Krimu ya zebaki, hiyo acha leo, na usiitupe ovyo chooni wala shambani. Funga vizuri, weka mbali na watoto, uliza kituo cha afya au ofisi ya afya ya mazingira wailete wapi. Fua mashuka na taulo, kwa sababu zebaki hukaa kwenye vitambaa na watoto hulala juu yake bila wao kupaka chochote.

Kwa mzazi: mtoto mchanga hapakwi krimu ya mama ya kung'arisha, hata kidogo, hata kwa ajili ya vipele vya joto. Ngozi yake inanyonya zaidi kwa sababu eneo la mwili wake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake.

Baridi ya Kasulu inadanganya

Tuje kwenye jua. Miji yetu hii iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Ujiji kule ziwani, na hewa yake ni ya ubaridi. Mtu anaona hakuna joto, anaamini hakuna jua. Mionzi inayoharibu ngozi haipimwi kwa joto. Kadiri unavyopanda juu ndivyo inavyoongezeka, karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000, na sisi tuko karibu na Ikweta ambako jua la mchana liko juu ya utosi mwaka mzima. Wingu jepesi halizuii sana.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Simama nje utazame kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko urefu wako, mionzi ni mikali. Kwa huku ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, zikiwemo zile saa za kwenda mnadani na za watoto kutoka shule.

Kasulu ina sababu ya kulielewa jambo hili kuliko miji mingi. Baada ya wimbi la mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino lililotikisa nchi kuanzia mwaka 2007 hivi, watoto wengi wenye ualbino walikusanywa Kabanga, wilayani Kasulu, kwa ajili ya usalama wao. Tulizungumza sana kuhusu mapanga na tukazungumza kidogo kuhusu jua, ilhali kwa mtu mwenye ualbino barani Afrika saratani ya ngozi ni adui wa kila siku. Kinachomlinda ni mazoea: kofia yenye ukingo mpana unaozunguka pande zote, mikono mirefu, kivuli, na losheni ya kuzuia jua inayopakwa tena kila baada ya saa mbili akiwa nje. Kule Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kilitengeneza losheni ya Kilisun mahususi kwa ajili yao. Losheni hiyo nzuri haifanyi kazi ikikaa kwenye begi. Mzazi mwenye mtoto mwenye ualbino asome aya hii mara mbili: mtoto huyo hahitaji kifaa chochote cha mwanga, na kidonda chake kisichopona kwa wiki nne kinatakiwa kuonwa hospitali, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama.

Wewe mwenye ngozi nyeusi una ulinzi wa asili dhidi ya saratani hiyo, lakini huna ulinzi wa kutosha dhidi ya madoa. Kila chunusi inayopona huacha weusi, na jua ndilo linaloupigilia msumari. Losheni za kuzuia jua zenye rangi ya kahawia, zilizowekwa madini ya chuma, huzuia pia ule mwanga unaoonekana. Ukizipata, vizuri. Usipozipata Kibondo, kofia pana, mwavuli au kanga iliyotandwa vizuri ina faida kubwa na haiishi baada ya saa mbili.

Angalia pia dawa unazomeza. Doksisaiklini, ambayo hutolewa kwa maambukizi mengi na kwa chunusi zenyewe, huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua juani. Ukiwa kwenye dozi hiyo, weka kando vifaa vya mwanga hadi uulize aliyekuandikia.

Na ndimu. Kuna anayejisugua ndimu au limau usoni halafu anatoka. Maji ya ndimu yakikutana na jua juu ya ngozi huunguza kabisa, na huacha mabaka meusi yenye umbo la michirizi pale maji yalipotiririka. Dawa ya meno na dawa ya kuondoa madoa ya nguo ziko kwenye kundi hilo hilo la vitu visivyo na kazi usoni.

Kunawa, kupaka, kungoja

Kiangazi cha kuanzia Juni, vumbi jekundu la njia za ndani linakaa kwenye kope, shingoni na kwenye kola. Nawa ukifika nyumbani, mara moja, kwa maji ya kawaida na sabuni isiyo kali, kwa kiganja. Mara mbili kwa siku zinatosha. Sabuni ya mche na ya unga ni za nguo, na dodoki na jiwe ni za visigino. Kusugua uso hakuondoi weusi. Kila mkwaruzo kwenye ngozi nyeusi ni mwaliko wa weusi mpya, na ngozi iliyosuguliwa asubuhi ikamulikwa au kutobolewa jioni imeadhibiwa mara mbili.

Mafuta ya mise ni mali ya Kigoma na yanafaa kwa miguu na mikono iliyokauka. Kwa uso wenye chunusi ni mazito, yanaweza kuziba vinyweleo. Tafuta losheni nyepesi isiyo na manukato. Mafuta mgando ya kawaida yana kazi moja nzuri sana, kufunika mkwaruzo mdogo uliokwisha safishwa ili upone bila kukauka.

Kifaa kitumike usiku, kwenye uso uliooshwa na kukaushwa, si siku uliyonyoa, kisha losheni nyepesi, kisha kulala. Asubuhi ni jua, hivyo si wakati wake. Ukimaliza, kifute kwa spiriti ya asilimia 70, kiache kikauke chenyewe na kukiweka kwenye kikopo chenye mfuniko, si kwenye dirisha la bafu.

Kuhusu chakula nitasema kidogo kwa sababu wauzaji wanasema sana. Kunywa lita nyingi za maji hakuondoi chunusi. Soda na vitu vitamu kila siku vinaweza kuzichochea kwa baadhi ya watu. Sigara huchelewesha kupona. Maharage yako, mboga na tunda vinatosha.

Kinachowashinda wengi ni kungoja. Ngozi ya juu hujibadilisha kwa takriban wiki nne. Chunusi huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya kusema tiba imefaulu au imeshindwa, na madoa huchukua miezi zaidi. Anayebadilisha kifaa kila wiki mbili hatajua kamwe kilichomsaidia. Piga picha ya uso wako kila Jumapili, dirisha lile lile, saa ile ile, bila urembo wa programu ya simu. Baada ya wiki 12 weka ya kwanza na ya mwisho pamoja. Kama hakuna tofauti, kifaa hakijakufaa, na hiyo ni habari ya maana.

Kifaa ambacho tayari unacho

Nimezungumza kuhusu vifaa vya kuagiza, lakini kifaa cha ngozi kilichoenea kuliko vyote Kibondo na Kasulu ni mashine ya kunyolea. Baba anaitumia kidevuni, kisha vichwani mwa watoto wote, kisha mtoto wa jirani anakuja. Mapunye, ile fangasi ya kichwani inayoacha mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, husafiri kwa njia hiyo hiyo, kutoka kichwa hadi kichwa. Tena wazazi wengi hupaka krimu kwa miezi. Krimu peke yake haifiki kwenye shina la nywele. Mapunye ya kichwani hutibiwa kwa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, dozi ikikadiriwa kwa uzito wa mtoto. Ikikatizwa mara mabaka yanapopungua, inarudi. Na krimu ya steroidi juu ya fangasi huficha wekundu huku fangasi inaendelea kutanuka chini kwa chini.

Mashine ya nyumbani isafishwe kati ya kichwa na kichwa. Kwanza brashi itoe nywele zote, maana spiriti haiwezi kupenya uchafu, kisha spiriti, kisha dakika chache ikauke. Mwenye mapunye anyolewe wa mwisho. Kichana, kofia na mito visichangiwe hadi atakapopona.

Wanaume wenye vipele vya ndevu, hapa mazoea ni tiba yenyewe. Nywele zetu za kujipinda zikikatwa chini kabisa kwa wembe, ncha yake kali inageuka na kuingia tena kwenye ngozi. Acha wembe, tumia mashine isiyogusa ngozi, bakiza kama milimita moja, fuata uelekeo wa nywele, na weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza. Wenye vipele vya kisogoni wamwambie kinyozi asishushe sana sehemu hiyo na wasivae kola inayosugua. Vikikomaa vinageuka makovu ya kuvimba, na hapo hata kinyozi bora hana la kufanya.

Ukiungua kwa kifaa chochote, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, mafuta wala majivu, na usitumbue malengelenge. Nenda zahanati siku hiyo hiyo kama umeungua usoni, kama ni mtoto, au kama kuna malengelenge. Nenda pia ukiona usaha unaoenea, homa, kovu linaloendelea kukua, doa jeusi linalobadilika umbo, au kidonda kilichogoma kupona. Kutoka zahanati utaelekezwa hospitali ya wilaya au ya mji, na ikibidi Maweni, Kigoma mjini. Uliza kama kuna tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi. Kituo kile cha Moshi kimekuwa kikifundisha madaktari na matabibu wa ngozi tangu mwaka 1992, na baadhi yao wako mbali na miji mikubwa.

Ukienda, beba boksi la kifaa, dawa unazomeza na kila kopo unalopaka, hata lile unaloona aibu kulitoa kwenye mkoba. Kama lebo imebanduka, beba hivyo hivyo.